Chumba cha Mapacha wa Cheche

Benchi letu liko mlangoni mwa karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Alhamisi hiyo asubuhi Cheche alikuwa amechora chumba kwa chaki sakafuni: mita tatu kwa mbili na nusu, dirisha hapa, mlango pale. Chumba cha binti zake mapacha, wa miaka tisa. Mmoja amekulia hapa nyumbani. Mwenzake alikuwa na kifua kibaya, akalelewa kwa bibi yao, karibu na hospitali kubwa, tangu ana miaka minne. Sasa kapona, na Jumapili anarudi moja kwa moja. Likizo iliyopita walipokutana, walipeana mikono kama wakaguzi wa shule.

Cheche: Hawa lazima wawe ndugu tena. Naanza na chumba. Chuma ninacho, siku tatu ninazo. Haya, semeni.

Turbo, fundi magari, akapiga funda la kahawa.

Turbo: Kitanda cha ghorofa, kaka, kama ulivyoanza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe ngazi.

Bi Uzi, fundi cherehani, akamkata jicho.

Bi Uzi: Mpe jembe, wewe! Na nani alale juu? Akilala mwenyeji, mwenzake atajiona wa chini. Akilala mgeni, mwenyeji atanuna. Mimi nasema pazia katikati. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Cheche: Hao ni binti zangu, Bi Uzi.

Bi Uzi: Basi mitamba.

Cheche: Nataka kuwaunganisha, wewe unaniletea mpaka na forodha!

Mwalimu Rula, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, akainua kidole.

Mwalimu: Tulieni. Eneo ni mita za mraba saba na nusu. Kila mtoto tatu na robo tatu. Dirisha nusu kwa nusu, jua dakika kwa dakika. Haba na haba hujaza chumba.

Turbo: Jua linatembea, mwalimu.

Mwalimu: Basi?

Turbo: Basi na vitanda vitembee! Tunaweka reli na mota ya wipa. Asubuhi huyu yuko dirishani, jioni yule.

Mwalimu: Kwa nini reli? Sakafu yenyewe izunguke! Digrii kumi na tano kwa saa. Kwenye duara hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Bi Uzi: Watoto watatapika, nyie.

Cheche hakucheka. Alikuwa anaziangalia nguzo nne za kitanda cha ghorofa alizokwisha kuziunga. Hapo akaingia mama mmoja, mgeni kwetu, na bawaba ya geti iliyokatika. Alisubiri zamu yake, akautazama ule mchoro.

Mgeni: Samahani jamani. Huyo anayerudi, huko kwa bibi yake huwa analalaje?

Turbo akachungulia kikombe. Mwalimu akashusha kidole. Sote tukamgeukia Cheche. Baba mzazi, na hajui.

— Nitajua sasa hivi, akasema, akapiga simu.

Sauti ya bibi tuliisikia wote.

— Analala ubavuni kwangu, mwanangu, kanishika mkono. Tangu kile kifua, akishtuka hupapasa kwanza kama nipo. Niliogopa kukwambia, usije ukasema nimemdekeza.

— Hukumdekeza, mama. Umenilelea mtoto.

Akaweka simu mfukoni, akavaa miwani, akawasha mashine ya kukatia chuma.

Turbo: Kaka! Unakata kazi yako ya siku mbili!

Cheche: Na Jumapili haisogei. Shika hapa.

Turbo akashika. Nguzo zote nne zikakatwa. Mpaka Jumamosi mchana vilikuwa vitanda viwili vya chini, visivyo na ukingo upande wa ndani, na kulabu pembeni: ukitaka unaviunga, ukitaka unavitenga. Mwalimu alipima mara tatu kuhakikisha vikiungwa mlango bado unafunguka. Bi Uzi alishona shuka mbili nyembamba, halafu, bila kuulizwa, moja pana.

Jumatatu tulikuwa benchini mapema kuliko kawaida. Cheche akaja, ndevu hajanyoa.

Bi Uzi: Vipi?

Cheche: Waliviunga wenyewe, sikuwaambia. Nikawaacha wananong'ona, nikapitiwa na usingizi mimi.

Turbo: Na asubuhi?

Cheche: Asubuhi wamegombana. Vibaya sana!

Bi Uzi: Yarabi! Wamegombania nini?

Cheche: Upande wa dirisha. Mmoja kamwita mwenzake kichwa maji. Mwenzake kajibu, "Kichwa maji wewe na baba yako!"

Tukatazamana.

Mwalimu: Baba yako... lakini si ndiye huyo huyo baba yake?

— Ndiye huyo huyo, akasema Cheche, machozi yakimtoka kwa kucheka. — Ndiye mimi hapa!