Cheti cha Sisi Sote

Mgeni rasmi, Bwana Wafula, afisa wetu wa elimu ya watu wazima, wazee wetu, na majirani mliokuja kwa ajili ya pilau: assalaam aleikum, na wengine hamjambo nyote.

Makaribisho

Sisi wanawake wakulima wa mwani wa Kibuyuni tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Harufu unayoisikia ni ya mwani ulionyeshewa. Pilau inakuja.

Tulikotoka

Mwaka jana Nusra, binti wa mwenyekiti wetu Bi Mwanasiti, alituambia kuna kozi ya bure mtandaoni, ya kupanda na kukausha mwani. Bi Mwanasiti akauliza ni kozi gani huyo, maana kozi anayemjua yeye hunyakua vifaranga. Alipoelewa, akatoa simu yake, kwani ndiyo pekee iliyoshika mtandao. Tukasomea hiyo hiyo, tukiipokezana kama mwana mchanga.

Mafanikio

Tulifaulu. Mtihani ulitaka mtu ajibu peke yake, lakini hapa kwetu hata vitunguu vya harusi mtu hamenyi peke yake. Tulijibu kwa sauti, na aliyekosea alizomewa.

Palipoulizwa jina la kwanza, Nusra alitaka kujua aandike nani. Tukamwambia, "Sisi." Na la pili? "Sote." Cheti kikaja na muhuri wake, kikithibitisha kwamba Sisi Sote amehitimu.

Changamoto

Masomo yenyewe yalitafsiriwa na mashine. Sisi husema kamba, mashine ikasema laini. Ilipotuagiza tufunge laini vizuri kabla ya maji kujaa, Bi Mwanasiti aliichomoa laini ya simu, akaifunga kwenye pindo la leso, akaingia nayo baharini. Darasa likalala wiki nzima. Hatumlaumu, ila tunamkumbusha kila siku.

Linalotuuma hasa ni hili. Iko ofisi Ukunda inayotoa mabanda ya kukaushia mwani kwa wenye cheti. Tulikwenda na chetu. Kijana wa mapokezi akauliza Sisi Sote ni yupi.

"Ni sisi sote," tukamjibu.

Akasema basi aingie mwenyewe na kitambulisho chake, wengine tungoje nje. Tukarudi nyumbani tumenuna. Sasa masika yameingia, na mavuno ya mwezi huu yameoza tukiyatazama. Bi Shutu, mwenzetu aliye mjane, alilia mbele ya wanawe, nasi tulilia naye.

Ombi letu

Hatuombi kompyuta, ingawa ukileta hatutazirudisha. Tunaomba banda, na mtu wa kutusemea Ukunda.

Cheti hicho unacho mkononi, Bwana Wafula. Tafadhali lisome jina kwa sauti, kisha mtazame atakayesimama. Huyo ndiye mwenyewe, na vitambulisho vyake anavyo.

Mola akupe afya, akulainishie ulimi mbele ya wakubwa, na mvua ikupishe njiani. Amin.

Aliyesoma ni mimi Nusaiba, katibu.

Aliyeandika ni
Sisi Sote,
Wakulima wa Mwani, Kibuyuni.