Chemchemi Iliyogoma Kuzibwa

Risala ya mafundi na vibarua kwa Mkurugenzi wa Ujenzi, siku ya kufungua barabara ya sokoni kwa mara ya nne

Mgeni rasmi, karibu tena. Ndugu mhandisi, wenye maduka, na wewe shemeji mshonaji uliyetuazima viti, karibuni nyote. Mgeni rasmi, kabla hatujaendelea, tunakuomba usogeze kiti chako hatua mbili kushoto. Hapo ulipo lami bado haijatulia. Ahsante.

Furaha yetu leo haina breki. Si kila kikosi kinapata bahati ya kufungua barabara moja mara nne, na mgeni yule yule. Utepe sasa tunaufunga macho yamefumbwa.

TULIKOTOKA

Barabara hii inatoka kituo cha mafuta hadi lango la soko. Huko ofisini mliichora imenyooka kama rula. Katikati ya mstari huo, mbele ya duka la viatu, palikuwa na chemchemi. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Baba Zege, aliiona siku ya kwanza. Alichuchumaa, akachota kwa kiganja, akanywa, akasema, "Jamani, maji matamu haya!" Kisha akampigia simu mhandisi kumwomba barabara ipinde kidogo, hatua tisa tu.

Mhandisi akamjibu, "Wewe mtu mzima, unashindwa na kidimbwi?"

Maneno hayo yalimwingia. Akakunja mikono ya shati.

MAFANIKIO

Tuliziba kwa mawe, ukaja ukakata utepe. Baada ya wiki mbili maji yakatokea ndani ya duka la viatu. Ndala zikaelea hadi mlangoni, jozi kwa jozi, kama wateja wanaoaga.

Tukaziba kwa zege, ukaja ukakata utepe. Maji yakatokea kwa shemeji, chini ya cherehani. Shemeji akaja mbio, mkasi mkononi.

"Baba Zege! Haya maji umeyatuma kwangu?"

"Shemeji, mimi nimeyafukuza tu. Njia yamechagua yenyewe."

"Basi yafukuzie chumbani kwako, ukaogee kitandani!"

Mara ya tatu tukamwaga zege lenye nondo, nene kama godoro. Baba Zege akalikanyaga, akalirukia, akalibusu. Ukakata utepe. Siku ya sita lami ikavimba kama shavu lenye jino bovu, ikapasuka, na maji yakaruka hadi usawa wa paa. Tulipaswa kulia, mgeni rasmi. Tulicheka. Baba Zege alicheka mpaka akakaa chini ndani ya maji, kofia ikamponyoka ikaondoka zake. Wauza mboga wakaja na ndoo. Mwenye duka la viatu, ambaye alikuwa hatusalimii, alivua soksi akaja kucheza nasi.

"Mpira umekwisha," akasema Baba Zege. "Tumepigwa tatu bila."

Tunaliweka hili kwenye mafanikio kwa sababu siku ile mtaa ulipata maji safi, na sisi tulipata akili. Hatusemi binadamu asiguse kitu. Mto tumeujengea daraja, kilima tumekichonga, na mvua ikinyesha tunashukuru bati. Lakini kuna mahali unapisha, mambo yanakwenda.

MATATIZO

Tatizo ni moja. Mhandisi aliagiza tuzibe tena, na hiyo ndiyo lami mliyoikalia. Jana akamwonyesha Baba Zege barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe. Kasema lami ikivimba leo, wewe utaisaini barua hiyo leo hii. Baba Zege huyu ndiye aliyejenga kila kalvati unalopita ukienda ofisini, na hakuna hata moja lililopasuka. Yuko pale nyuma, shati limepigwa pasi, anaangalia lami badala ya kukuangalia wewe. Usimwone ana dharau. Sisi pia tunaiangalia. Tangu tuanze kusoma imepanda kidole kimoja.

MAOMBI

Tunaomba barabara ipinde hatua zile tisa, kuelekea kwenye uwanja mtupu. Mchoro upo, Baba Zege ameuchora nyuma ya mfuko wa saruji, nao umepimwa vizuri kuliko ule wa ofisini. Tunaomba pia chemchemi iwekewe mabomba mawili na sakafu, watu wateke bila kukanyaga matope.

Halafu barua. Baba Zege alitukataza kusoma sehemu hii. Alisema, "Wanangu, msijitie humu, mna watoto." Ndiyo amri yake ya kwanza tuliyoikataa. Kama kushindwa na maji ni uzembe, sote thelathini na mmoja tulishindwa, tena kwa nguvu zetu zote. Majina yetu yako chini ya karatasi hii. Ukisaini barua moja, tuandikie na sisi zetu thelathini, kalamu tumekuletea.

Mungu akupe afya, nyumba yenye amani na usingizi mzuri.

Ni sisi, mafundi na vibarua wa kikosi cha barabara ya sokoni, pamoja na msimamizi wetu.