Bi. Mwanaamina Bushiri na Skrini ya Kiongoroni

Tarehe 30 Juni 2005 Bi. Mwanaamina Bushiri, fundi kompyuta wa Shirika la Huduma za Delta, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa nasi hapa Kibiti.

Alianza kama mpiga chapa katika kampuni ya umma ya mbao. Kampuni hiyo ilipobinafsishwa, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazini. Wengine walirudi shambani. Bi. Mwanaamina alipanda basi hadi Dar es Salaam, akajifunza kompyuta kwenye darasa la jioni, akarudi na cheti na mafua makali.

Kwetu aliajiriwa kupiga chapa, lakini haukupita muda akawa anafungua mashine zenyewe. Kila kompyuta aliivisha kanga kukinga vumbi la barabara ya Kilwa, na wageni wa wafadhili walizoea kusema kuwa mashine zetu zimevaa vizuri kuliko wafanyakazi. Aliyekula maandazi karibu na kibodi yake alitolewa nje, hata kama ni mkurugenzi. Mkurugenzi anakumbuka.

Ametufanyia mengi. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa shirika hili habari za Bi. Mwanaamina, atakusimulia safari ya Kiongoroni, kijiji cha huko deltani, wakati wa masika ya mwaka 2003. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Kituo chetu cha Kiongoroni kiliendeshwa na Haruni Swalehe. Alikuwa akipima maji ya mikondo, akipiga picha kingo zinazomomonyoka kwa kamera ya shirika, na kutuma taarifa kwa redio. Asubuhi moja alituarifu kwamba kompyuta inakoroma na skrini imeganda. Akasema anatoka kidogo na mtumbwi, atarudi kuitazama. Hakurudi. Wanakijiji walimtafuta upande wa baharini, alikozoea kwenda, zaidi ya wiki nzima, wasipate hata kasia.

Tulifika kwa boti kutoka Nyamisati, nahodha akiwa Twalibu, mwenyeji wa huko. Bi. Mwanaamina alitumwa kufufua kituo. Mimi, mtu wa redio, nilitumwa kumsaidia. Salima, mke wa Haruni, alitupokea akiwa na ufunguo mkononi. Alikuwa hajui akae eda au aendelee kumpikia mumewe. Kila magharibi alikuwa bado anampakulia.

Chumba kilinuka tope la mikoko. Kamera ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Kompyuta ilikuwa bado inawaka kwa betri ya sola, ila skrini nyeusi. Diski ilikuwa imekufa, na ndani yake kila kitu alichohifadhi Haruni. Bi. Mwanaamina hakutaka kukata umeme, maana inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri, ilikuwa mbovu na angeweza kuizima asiiwashe tena. Akaianzisha upya mashine umeme ukiwa unapita, kutoka kwenye disketi yake.

Kadi ya picha ya mashine ile ilikuwa ya mtumba, haina programu yake mahali popote. Kwa hali kama hiyo Bi. Mwanaamina alikuwa na dawa: seva ndogo ya skrini, yaani programu ya kuchora picha kwenye skrini, nyepesi kupita kiasi, ambayo haihitaji kuijua kadi. Inaomba tu mitindo ya kawaida ya picha ambayo kila kadi imechomewa kiwandani, upana huu na rangi hizi, na kadi inatii. Hufanya hilo tu. Hata kufuta kilichokuwa kwenye skrini haifuti mpaka iamriwe.

Akaomba mtindo wa chini kabisa. Skrini ikawaka.

Hatukuona rangi tupu tuliyoitarajia. Tuliona michirizi ya kijani na zambarau imelala mshazari, na ndani ya michirizi kuna jicho. Kisha jicho lile lile tena, pembeni. Kisha tena. Twalibu, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma akisoma Ayatul Kursii.

"Kumbukumbu ya kadi haijafutika," Bi. Mwanaamina alisema bila kugeuka. "Hii ni picha ya mwisho iliyokuwa hapa kabla diski haijafa. Mtindo niliouomba siyo uliotumika kuichora, ndiyo maana imevurugika."

"Huyo Haruni," akasema Salima.

"Wifi, usiseme bado."

"Nalijua jicho la mume wangu."

Bi. Mwanaamina akaomba mtindo mwingine. Sasa walitokea watu wawili wamesimama bega kwa bega, wembamba mno, miguu juu na vichwa chini. Akaomba mwingine. Mtu akawa mmoja, amekatwa kiunoni, nusu zake zimepishana. Kila alipobonyeza, skrini ilizimika kidogo kisha yule mtu akarudi akiwa amekaribia zaidi kuwa mtu. Nje kulikuwa mchana, kuku wanachakura.

Mtindo uliofuata ulikuwa ndio wenyewe. Haruni Swalehe alisimama mbele yetu, mzima, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja juu, akitazama kamera kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Nyuma yake kulikuwa na mti wa mkandaa, jamii ya mikoko, ulioinama mpaka majini, umepasuka katikati.

Twalibu akasogea polepole. "Mti ule naujua. Ni Mkondo wa Mikandaa, upande wa bara. Hatukutafuta huko."

Twalibu na wanakijiji walikwenda na maji yakipanda. Mtumbwi waliukuta umepinduka chini ya mti ule uliopasuka, na Haruni akiwa amenaswa kwenye mizizi. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri.

Tuliporudi chumbani, giza likiingia, picha ilikuwa bado pale. Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu alikuwa nalo. Haruni alifanya kazi peke yake, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kushika kamera ile. Nani alimpiga picha hii? Twalibu akasema labda kamera ilijipiga yenyewe kwa saa yake. Kisha akajijibu mwenyewe: pale hapana pa kuiweka kamera, ni maji matupu.

Bi. Mwanaamina alimwambia Salima kwamba anaweza kuihamishia picha ile kwenye disketi, tuisafishe Dar es Salaam, apate ya kuweka ukutani. Salima hakuwa na picha nyingine ya mumewe.

Salima aliitazama muda mrefu. Akagusa kioo, pale penye shavu.

"Hapana, wifi," akasema. "Yeye namjua. Anayemtazama simjui. Zima."

"Nikizima hairudi."

"Keshaonekana. Zima apumzike."

Bi. Mwanaamina akachomoa waya. Wakashikana mikono gizani wakalia, na sisi wanaume tukatoka nje.

Kituo alikifufua kesho yake kwa diski mpya. Tangu hapo amefundisha mafundi wetu wote wa Ikwiriri, Bungu na visiwani kutumia seva ile ndogo, na vituo vyenye mashine kuukuu vinafanya kazi mpaka leo kwa sababu yake. Kwenye somo lake kuna sharti ambalo sababu yake hakuwahi kuieleza: kabla ya kuwasha, kata umeme, subiri, hakikisha skrini imekuwa nyeusi kabisa.

Bi. Mwanaamina, umetufanyia kazi kwa akili, kwa ukali uliotufaa, na kwa huruma. Shirika zima linakushukuru. Nenda Bungu kwenye mikorosho yako, ulale mpaka jua lipande, na Mwenyezi Mungu akujaalie afya, amani na maisha marefu yenye kheri.

Shedrack, Idara ya Redio