Viatu vya Bwana Yake

Mwaka wa 1961, ndani ya basi la Elisabethville, mwanamke kijana mwenye mimba alikaa mbele yangu amevaa viatu vya bwana yake. Mama wa pembeni yake akamwuliza sababu.

“Miguu inavimba, mama. Mama-mkwe anasema iko mapasa, batoto babili, anatayarisha udongo mweupe wa kunipakaa sawa mama wa mapasa.”

“Na kichwa?”

“Kinauma tangu juzi. Naona sawa nyota mu macho.”

“Ile iko tension, damu inapanda, mwanangu. Inaua mama na mutoto. Tushuke ku hospitali.”

“Ku mulango basoda na bunduki banakamata bantu ba Kasai. Mi niko Ngalula, jina ya kule.”

Sisi wengine tulijifanya hatukusikia. Siku zile huo ulikuwa wema.

“Ku mulango utakuwa mutoto wangu; mi niko muntu wa hapa,” yule mama akasema.

Basi likasimama hospitalini. Dereva akazima injini, akangoja. Yule mama alisimama mlangoni, mkono ameunyosha. Ngalula aliinama, akaviangalia viatu vya bwana yake, bado hajaamua kushuka.