Scovia na Kimya cha Mzamiaji

Mheshimiwa mwakilishi wa ubalozi, mchungaji wetu na sheikh wetu, mliokubali kukaa meza moja na kugawana sambusa, Bibi Chizuru Kanbara, mtunzi wa muziki kutoka Japani, wanakwaya wenzangu, ndugu zetu mliotoka zamu mkiwa bado na sare, mabibi na mabwana, hamjambo?

Kwa wasionijua, mimi ni Kawira, muuguzi kwa kazi, na mwenyekiti wa kwaya hii kwa kusukumwa. Nimepewa dakika chache za kumuaga Scovia, na mshereheshaji ameshanionya kwamba pilau inapoa. Pilau itangoja. Ndege ya Scovia ni kesho, haitangoja mtu.

Wengi wenu mnamjua Scovia bila kujua kwamba mnamjua. Yule askari wa kike kwenye maduka ya The Pearl, hapa Doha, aliyekuambia, "Pole, dada, huu ni mlango wa kutokea tu," ndiye huyu. Ni binti wa Mbale, Uganda, mpole wa maneno, lakini akifungua mdomo kuimba hata kiyoyozi kinaona aibu kunguruma.

Mwaka jana Bibi Kanbara alikuja Doha kutengeneza muziki wa filamu ya katuni, hadithi ya binti wa Kijapani anayezamia lulu. Alitaka nyuzi za koto na filimbi ya mwanzi, urithi wa mababu zake, zikae pamoja na besi na biti za kompyuta za leo, na juu yake zije sauti za watu wanaomsubiri binti huyo ufukweni. Akaambiwa kwamba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud una Waafrika Mashariki ambao majirani wamechoka kuwasikia wakiimba kila Ijumaa. Hivyo ndivyo tulivyopata kazi.

Sasa, ninyi mnajua tulivyolelewa. Kwetu anayeanzisha wimbo akitoa sauti, kundi linaitikia. Akinyamaza, kundi linaitikia zaidi! Kumwacha ananing'inia peke yake ni utovu wa adabu, na mama zetu wangetufinya. Nani kati yenu amewahi kuvumilia pengo kwenye wimbo bila kulijaza, hata kwa kigelegele?

Basi ikafika sehemu ambayo binti anazama. Filimbi inakatika, biti inakatika, hakuna kitu. Bibi Kanbara alitueleza vizuri kwamba kimya hicho si mapumziko. Kwao ni sehemu ya wimbo, kina uzito kama ngoma. Sote tukaitikia kwa vichwa, kwa heshima kubwa. Tukarekodi. Filimbi ikakatika, na Scovia, mwanzishaji wetu wa nyimbo, akaita.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili tuliomba radhi. Mara ya tatu Bibi Kanbara aliweka kalamu chini akatoka nje, na bwana mmoja aliyesimamia kazi akasema sauti hizi zinaweza kutengenezwa na mashine bila usumbufu. Eugene, mpiga kinanda wetu, akanong'ona, "Wasee, hapo tumeisha." Scovia alikuwa tayari anachukua mkoba wake. Mkataba wake wa ulinzi ulikuwa ukingoni, na kuimba ndicho kitu pekee alichokuwa anakipenda katika mji huu. Niliumia kumwona.

Bibi Kanbara akarudi. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa nini? Scovia akajibu kwa Kiswahili chake, nami nikatafsiri: "Madamu, sikukusudia kuharibu. Nimeona huyo mtoto amekaa chini ya maji sana, na hakuna mtu anamwita. Nikamwita."

Bibi Kanbara akanyamaza. Na kwaya nzima, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikanyamaza naye. Kisha akasema: "Subiri mpaka usiweze kusubiri tena. Hapo ndipo uite."

Mnafikiri ilikuwa rahisi? Tulifanya mazoezi ya kunyamaza Ijumaa baada ya Ijumaa. Arnold wa sauti ya besi alikuwa akijiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini walioitazama filamu wanajua: kile kimya kinakubana kifua hadi unataka kusimama, ndipo inakuja sauti ya mtu mmoja, na binti anaanza kupanda juu. Bila kimya chake Bibi Kanbara, ile sauti isingekuwa na maana. Na bila ile sauti, mimi nisingekipenda kimya chake.

Ndiyo maana kesho Scovia anakwenda Japani, kuimba jukwaani wimbo huo katika maonyesho ya filamu.

Jana nilikwenda Al Rayyan, anakoishi, kumsaidia kufunga sanduku. Hakuwa na furaha niliyoitarajia. Aliniambia, "Dada Kawira, kule watu wananyamaza. Nikianzisha, nani ataniitikia?" Nikaendelea kukunja nguo.

Leo ninalo jibu. Bibi Kanbara, tunakukabidhi mtoto wetu. Ukimwona amekaa kimya mno, usidhani ni kile kimya chenu kizuri. Hicho ni cha kukumbuka nyumbani, tafadhali tupigie simu. Nawe Scovia, mdogo wangu, nenda bila hofu. Umetufundisha kusubiri, na tutasubiri. Lakini usizame sana, maana tutakuita, hata kama tutaharibu onyesho la watu.

Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza kwa uvumilivu. Sasa Scovia, simama hapo ulipo, uanzishe wimbo. Tupo.