Besi Isiyo na Nyuzi: Kumuaga Ndugu Lucius Tarpley wa Birika Nne

Baada ya miaka thelathini ya kuimba besi katika kundi letu la Birika Nne, Ndugu Lucius Tarpley anastaafu leo, Jumamosi, tarehe 27 Septemba 1958. Daktari amesema wazi kwamba akiendelea kuimba, hata sauti ya kuombea chakula itamkauka. Mkewe, Dada Earline, akaongeza kuwa hakuvumilia safari zetu miaka yote hiyo ili uzeeni aje kugombana na bubu. Hapo mjadala ukafungwa.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Orville Gaines, mwenye sauti ya juu na tarumbeta ya mdomo. Wenzangu wanasema nimechaguliwa kwa sababu nikiwa naandika siwezi kuimba.

Tulianza mwaka 1928 katika duka la kinyozi la Clement Broadus, hapa hapa West End, Cincinnati. Tulitaka kuwa orkestra. Suti tulikuwa nazo, na hata tabasamu la kupigia picha tulishalifanyia mazoezi. Kilichokosekana ni ala. Kulikuwa na gitaa moja tu, la mwenzetu Ansel Pettiford, nalo lilikuwa na ufa. Ala nyingine ikabidi zitoke vinywani mwetu. Clement akawa trombone, mimi nikakunja viganja nikawa tarumbeta. Siku moja tukiwa katikati ya wimbo, mteja mmoja mwenye povu kidevuni akaanza kuunguruma chini yetu, polepole, mpaka chupa za mafuta zikatetemeka rafuni. Clement alikataa kumnyoa upande wa pili mpaka akubali kujiunga nasi. Ndivyo tulivyompata Lucius.

Jina tulipewa na mama mmoja wa kanisani, aliyesema tunafoka kama birika zilizosahauliwa jikoni. Tulilipenda, tukalichapa kwenye matangazo.

Enzi hizo maikrofoni ilikuwa moja kwa watu wote. Clement alichora alama za chaki sakafuni, kila mtu na yake, kulingana na ukali wa sauti. Lucius, ambaye sauti yake ni nene lakini ina upole, alisimama pua ikikaribia kugusa chuma. Mimi nilirudishwa nyuma, kisha nyuma zaidi. Katika redio moja kule Chicago alama yangu ilichorwa nje ya mlango, na mlango wenyewe ukarudishwa kidogo. Wasikilizaji walisifu sana matangazo ya siku ile.

Kisha ukaja ule mgomo wa mwaka 1942, wapiga ala walipokataa kurekodi santuri. Waimbaji hawakuhesabiwa kuwa wanamuziki, jambo ambalo kwa upande wangu halikuwa uongo mkubwa, basi kazi ikatumiminikia sisi. Siku moja mtu wa chama chao aliingia studio kwa hasira akitafuta mpiga besi tuliyemficha. Alifungua kabati, akachungulia chooni, akainama chini ya piano. Lucius akamwomba aketi, akamwimbia kipande. Yule bwana alivua kofia, akaiweka magotini, akatulia kama yuko ibadani. Nami kwa kiherehere changu nikaona nimalizie na tarumbeta. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe baba usiwe na wasiwasi. Wewe hatukutafuti."

Sasa tufike kwenye la mwezi uliopita, maana wengi wenu mmeuliza kama Birika Nne itakufa. Tulidhani jibu ni rahisi. Clement alimleta mpigaji hodari mwenye besi kubwa la mbao, lile la kupigwa mtu akiwa amesimama, tukafanya mazoezi pale dukani kwake. Lucius alikaa kwenye kiti cha kunyolea akisikiliza. Besi lilikuwa zuri, tena lilikuwa kwenye mdundo kuliko sisi. Lakini ubeti wa pili haukuisha. Ansel aliiva uso, Clement akashikilia sinki, na mimi nikajikuta nimekaa sakafuni kati ya nywele za watu. Yule mpigaji aliuliza kwa adabu kama huwa tunaumwa.

Lucius alikuja akaninyanyua. Akasema, "Besi halina kosa, Orville. Ila halipumui."

Hapo ndipo tulipong'amua. Bega la kushoto la Lucius hupanda kidogo kabla hajavuta pumzi, nasi watatu huvuta pamoja naye. Miaka thelathini tumepumua kwa bega la mtu mwingine bila kujua, wazee wazima na vipara vyetu. Clement alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mimi niliogopa, nasema kweli. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sijui kama ninaweza kuimba, naye akajibu kwamba hilo watu wanalijua siku nyingi.

Leo tutaimba hivyo hivyo, na besi la mbao, mbele yenu nyote. Baada ya hapo kuna samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi wa Dada Earline, kwa hiyo msiondoke hata mkisikia nini.

Ndugu Lucius, ahsante kwa kutubeba. Mungu akupe siku ndefu na koo lenye amani, uombee chakula na ugombane na mkeo hadi mchoke nyote wawili. Kiti chako kiko safu ya mbele, katikati, tunapokuona vizuri. Clement ameshakichorea chaki. Keti pale, usiimbe. Wewe pumua tu, kaka. Sisi tutafuata.