Nguma, Fundi Aliyekikata Kimya Akakirudisha

Miaka ishirini na mmoja Bwana Nguma Mramba amekaa mbele ya mashine za studio yetu ya Sauti Tulivu, hapa Changamwe, na Jumamosi tarehe 31 Oktoba 1998 anaziacha. Kalamu ameshika Pascalia wa mapokezi. Maneno ni yangu mimi, Dhahabu wa chai na usafi, na nimemwambia asiyarembe.

Alikuja Machi 1977 kutoka Kaloleni, mwembamba kama waya, akaajiriwa kutengeneza redio. Chai yake ni sukari vijiko vinne. Meno amebakiwa nayo kwa rehema ya Mungu tu.

Mwaka 1984 studio ilinunua kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, akakabidhiwa Nguma. Nikasema ngoma isiyopigwa na mkono wa mtu haitamchezesha hata kuku. Nilikosea. Nimeshamwambia mara moja, hatasikia tena.

Maana mwaka huo huo Mwanarusi, mwimbaji wa Jomvu Kuu, alikuja kurekodi "Harufu ya Kilua". Mkanda ulikuwa wa mwisho, na alasiri ilikuwa inakaribia. Katikati ya wimbo, kipaza sauti cha msikitini kikakwaruza. Mwanarusi akanyamaza papo hapo, akajifunika leso kichwani. Nguma, Mkristo wa watu, akazima ngoma, akaondoa vidole kwenye kinanda. Tukangoja adhana. Kumbe ni fundi wa msikiti anajaribu kipaza sauti, anakipulizia puu, puu! Mwanarusi akacheka kidogo, Nguma akawasha ngoma, wimbo ukaendelea.

Mkanda wenyewe Nguma alisahau kuusimamisha. Kimya kikaingia, na kicheko nacho kikaingia.

Ilipopigwa video, Mwanarusi alifika kwenye kimya kile akakaza leso yake kiunoni, akacheka. Basi wanawake wa Likoni hadi Kisauni wakaiga. Harusi yoyote, wimbo ukifika pale, ukumbi mzima husimama, leso hukazwa, halafu ngoma ikirudi, viuno navyo vinarudi. Watu walidhani Nguma amelipanga jambo lile. Yeye alikuwa akiona haya. Aliniambia ni kosa lake, linamwasha kama upupu.

Mwanarusi alifariki 1991, Mungu amrehemu. Mwaka 1996 mwenye studio akataka wimbo ule ufanywe upya, wa kileo, na video mpya. Nguma akaona siku ya kusahihisha kosa lake imefika. Akachukua wembe, akakata kimya chote, na kicheko ndani yake, kwenye mkanda wa asili, akaunganisha. Ngoma mpya aliyotia ilikuwa tamu, sisemi uongo, kiuno changu kilinisaliti jikoni. Video nayo ilikuwa na wasichana wawili wa miwani myeusi, wanaruka karibu na makontena ya Kipevu. Miwani sikuipenda. Hawaoni hata wanapokanyaga.

Aliupeleka wimbo huo kwenye harusi ya Mwanakheri, binti wa Mwanarusi, kule Likoni, uwe zawadi. Wimbo ukafika pale. Wanawake wote wakasimama, mikono kwenye leso, na ngoma ikawapita ikaenda zake. Wakaangaliana kama watu waliofika wakakuta mlango umefungwa. Mwanakheri akaketi na nguo zake za harusi, akamuuliza, "Mjomba Nguma, mamangu umempeleka wapi?"

Kesho yake asubuhi Nguma alikuja jikoni kwangu, macho mekundu, akaniuliza kile kipande cha mkanda nilikifagia nikakitupa wapi. Kanda zilizokuwa mitaani zilikuwa zimenakiliwa mpaka kicheko kimekuwa kikohozi. Nikamwambia mimi situpi kamba nzuri. Nilikuwa nimekitumia kufungia kifuniko cha mkebe wa majani ya chai.

Wallahi, alikifungua taratibu kama anamvua mtoto mchanga nguo. Akakinyoosha kwa vidole kutwa nzima, akakirudisha mahali pake. Kicheko kikatoka, kina mtetemo kidogo, lakini ni cha Mwanarusi mwenyewe. Kwenye video nayo, wasichana wa miwani wanasimama ghafla, na anatokea yeye, picha ya zamani yenye chenga, anakaza leso. Ngoma mpya ya Nguma ikabaki. Mimi napenda zote mbili, ya zamani na mpya, na asiyependa apike chai yake.

Tangu siku hiyo Nguma hakukata tena sauti ya mtu bila kuuliza nyumbani kwao.

Ahsante, mwanangu Nguma, kwa miaka hii yote, na kwa kukubali kwamba ulikosea pale ulipojiona umesahihisha. Nenda Kaloleni ukapumzike na mkeo, Mungu akupe afya, na sukari upunguze.

Lakini Jumamosi kwanza uje. Mwanakheri analeta leso mbili za mamake, moja yako. Mashine atashika mwingine. Wimbo ukifika pale, utasimama katikati yetu kwa mara ya kwanza, ukaze leso, umngoje Mwanarusi acheke.